Maji ya Mina

Mimi Kombo nimekwenda Ujiji na kurudi, pembe ya ndovu begani, na si mara moja. Katika safari zote hizo hakuna mtu aliyewahi kuniambia nisishike mzigo. Kwa hiyo mtanisamehe nikisema kwamba siku ile nilitoka Bagamoyo nimenuna. Mke wangu Mwanabaraka alikuwa mbele, kata ya nguo kichwani, na juu ya kata kibuyu kikubwa kilichojaa maji hadi shingoni. Mimi nilimfuata nyuma na mkuki, kisu, unga kidogo, na kibuyu kidogo cha maji yetu ya kunywa. Watu wa sokoni walitutazama sana. Mmoja wao, mpagazi mwenzangu wa zamani, aliniuliza kama nimevunjika kiuno.

Kibuyu kile sikuruhusiwa hata kukisogeza. Katika ukoo wa mke wangu, msichana akivunja ungo huwekwa ndani, asionekane na jua wala na watu, mpaka wakubwa waseme imetosha. Siku ya kumtoa huogeshwa na shangazi yake, yaani dada wa baba, kwa maji ya kisima cha baba yake. Maji hayo hubebwa na huyo shangazi mwenyewe, na mwanamume hayagusi. Amwogeshaye ndiye anayekuwa somo wake. Humfundisha mambo ya unyumba, humpeleka kwa mume, na tangu siku hiyo msichana humwita mama. Shangazi asipofika, msichana huogeshwa na mwanamke mwingine, na huyo mwingine ndiye mama milele. Jambo hilo halirudiwi.

Sasa sikilizeni kwa nini mke wangu alikubali kubeba maji katika jua lile. Mungu hakutujalia mtoto. Tulikunywa kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, tukaenda kwa masharifu, tukaenda na kwa waganga ambao sitawataja hapa, na tumbo likabaki vilevile. Mwanabaraka hakulia mbele ya watu. Lakini kaka yake Ramadhan, alipokuwa mgonjwa wa kufa, alimwita akamwambia kwamba binti yake Mina ni wake, yeye ndiye atakayemtoa. Ramadhan alizikwa, mjane akarudi kwa ndugu yake Kibwana huko Msata, akaenda na Mina. Mke wangu alibaki na neno lile moja tu, akawa analitunza kama watu wanavyotunza dhahabu.

Habari ya kutolewa kwa Mina alitumwa mtu atuletee, na mtu huyo akashikwa na homa njiani. Alipotufikia, Ijumaa yenyewe ilikuwa imeshakaribia. Alituambia kwamba mke wangu asipokuwa amefika sala ya Ijumaa inapomalizika, Zuleha, mke wa Kibwana, ndiye atakayemwogesha Mina. Kungoja hakuwezekani. Mwaka ule mvua ya vuli haikunyesha, mihogo ilikauka ardhini, na mtama wa kuwalisha wageni ulikuwa umeshatwangwa. Nani angewalisha wageni mara ya pili?

Nilimwambia Mwanabaraka tutafute watu wa kuongozana nao. Alikwenda shambani kwa marehemu kaka yake kule Kaole, akateka maji katika kisima alichokichimba Ramadhan kwa mikono yake, akarudi, akajifunga kaniki kifuani. Nikachukua mkuki.

Kaskazi ya mwaka ule ilikuwa na ugomvi na viumbe. Asubuhi tu mchanga ulikuwa ukiunguza nyayo, na minazi imelegeza makuti. Tulipofika mto Kingani, maji yalikuwa yamepungua hata viboko wamebanana mahali pamoja, wanagombana. Mwenye mtumbwi alituvusha upesi, kisha akamtazama mke wangu na kibuyu chake, akauliza kwa nini tunatoa maji pwani kupeleka bara wakati mto huu hapa. Mwanabaraka alimwambia maji ya mto hayana baba.

Kuna sheria moja ya misafara ambayo hata mwendawazimu anaifuata: unaondoka alfajiri, na jua likifika utosini mzigo unawekwa chini. Sheria hiyo tuliivunja siku ya kwanza. Usiku haukuwa na mwezi, simba wa nyika walikuwa na njaa kama sisi, na njaa ilikuwa imeleta watekaji, wanaovizia watu njiani wakawauze. Kwa hiyo tulibaki na mchana tu. Nilimfundisha mke wangu mambo ya njiani: apumue kwa pua, asizungumze, asinywe maji mengi kwa mara moja, aweke kokoto chini ya ulimi. Aliyafuata yote bila kunishukuru. Na alitembea vizuri, lazima niseme. Shingo haikuyumba, kibuyu hakikumwaga hata tone. Nimewaona wapagazi wenye sifa kubwa wakitembea vibaya kuliko yeye.

Tulilala Kiwangwa kwa watu tunaowafahamu. Asubuhi tulijaza kibuyu chetu kidogo, tukashika njia ya Msata. Nilikuwa na furaha kwa kweli. Miguu yangu ilikuwa imekumbuka kazi yake, na nilipiga hesabu kwamba tukilala karibu na Msata tutaingia kesho mapema, tumeoga, tumependeza, Zuleha ashike mdomo. Nilianza hata kuimba kidogo, wimbo wa wapagazi, mpaka Mwanabaraka akaniambia nitamwagisha maji yake kwa kumchekesha.

Penye njia panda tukamkuta Dadi.

Dadi ni Mzigua, na Wazigua ni watani wa ukoo wa mke wangu. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako, kukuchukulia kuku wako, kukudanganya, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Na Dadi alikuwa fundi wa utani. Aliwahi kumwambia Ramadhan kwamba mkewe amejifungua pacha, Ramadhan akanunua kaniki mbili na asali, akakimbia nyumbani, akamkuta mkewe anatwanga na tumbo lake bado. Siku tuliyomzika Ramadhan, Dadi alishuka akalala kaburini, akakataa katakata kutoka mpaka apewe jogoo, na mke wangu akacheka huku machozi yanamtoka. Mtu kama huyo anakutuliza pale ambapo wengine wote wanashindwa.

Siku ile alikuwa ametokea njia ya kulia, ile inayozunguka bondeni. Sisi tulikuwa tunakwenda njia ya kushoto, inayonyooka porini hadi kisima cha Mikwaju na kuendelea. Alimwangalia mke wangu na kibuyu chake, akamuuliza kama anahamisha bahari. Wakatukaniana mababu, kama ilivyo ada. Kisha Dadi akasema:

"Msipite huko. Kisima cha Mikwaju kimekauka, wallahi. Zungukeni bondeni, lipo dimbwi."

"Mtani," mke wangu alimjibu, "wewe ukiniambia kesho ni Ijumaa, mimi nitakwenda kuuliza msikitini."

Tulicheka wote watatu. Dadi aliapa tena, na kadiri alivyoapa ndivyo tulivyozidi kucheka, maana kiapo cha mtani ndicho chumvi ya uongo wake. Njia ya bondeni ilikuwa ndefu. Ingetuchelewesha, na Dadi alijua tunakwenda kwa Mina, kwa hiyo tuliona wazi mchezo wake: anataka tufike jasho linatiririka baada ya sala, apate hadithi ya kuwasimulia watu mpaka mwisho wa maisha yake. Jambo moja tu lilinisumbua. Hakuniomba tumbaku. Dadi hajawahi kukutana nami bila kuniomba tumbaku. Lakini tulikuwa tumeshaanza kutembea, naye alikuwa akipiga kelele nyuma yetu, na mke wangu akamrudishia tusi moja zuri sana ambalo nisingependa kulirudia.

Maji yetu ya kunywa tuliyamaliza kabla ya kufika Mikwaju, bila wasiwasi, kwa sababu kisima kile hakijawahi kukauka tangu nilipokifahamu. Tulipofika tulikuta nyuki. Walikuwa wamejazana chini kabisa, juu ya tope lililopasukapasuka, wanatafuta unyevu. Nilishuka, nikachimba kwa kisu, nikachimba kwa mikono. Nilipata udongo mbichi kiasi cha kujaza kiganja. Niliukamua ndani ya nguo, na nguo haikulowa hata kidogo.

Nilipanda juu, nikakaa. Mwanabaraka alikuwa amesimama, kibuyu kichwani, hakukitua. Nilimwambia neno ambalo mtu yeyote mwenye akili angelisema: tunywe kidogo katika maji yale, mafunda mawili kila mmoja, mengine yatatosha kumwogesha msichana. Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo njiani. Alisema maji ya kumtoa mwali hayanywewi njiani, na kibuyu kilichopunguzwa wanawake watakijua mlangoni kwa uzito wake. Akaniuliza pia, si mimi niliyevuka Mgunda Mkali, lile pori kavu la njia ya Ujiji?

Niliuvuka kweli, na wala si uongo. Kwa hiyo nilisimama nikamwambia atangulie. Mwanamume aliyevuka Mgunda Mkali hawezi kushindwa na pori la Msata, hilo nililisema kwa sauti, na nililiamini. Kurudi njia panda kulikuwa mbali zaidi kuliko kwenda mbele. Tukaenda mbele.

Jua lilikuwa utosini. Pori lile halina kivuli, ni miiba mitupu na nyasi zilizoungua. Nilikuwa nikitazama visigino vya mke wangu, vinapanda, vinashuka, na nikawa navihesabia wimbo. Kisha nikaona jasho langu limekauka. Kisha nikasikia baridi. Baridi, katika jua lile! Mtu wa misafara anajua baridi hiyo inamaanisha nini. Nimewaona watu wakiisikia, na baadhi yao tuliwafukia hapohapo. Nilitaka kumwambia Mwanabaraka aendelee, asigeuke nyuma, amuwahi Mina. Niliyapanga maneno vizuri kabisa kichwani. Ulimi ulikataa. Miiba ikazunguka, na ardhi ikanijia.

Nilizinduka nimelowa. Maji yalikuwa yakinitiririka kichwani, shingoni, kifuani, na kitambaa kilicholowa kimewekwa juu ya macho yangu. Matone yaliingia mdomoni mwangu kidogo kidogo, kama anavyonyweshwa mtoto mchanga. Nilikunywa. Namwomba Mungu anisamehe, nilikunywa kabla ya kuuliza ni maji gani. Nilipokiondoa kile kitambaa nilimwona mke wangu amepiga magoti, amenikinga jua kwa mgongo wake, na kibuyu kikubwa kimelala ubavuni mwake, mdomo umeelekea chini.

Nilimuuliza amefanya nini. Sauti yangu ilikuwa ya hasira, kwa sababu sikuwa na sauti nyingine.

"Mina anaye mama yake aliyemzaa," alisema. "Mimi ninaye nani mwingine?"

Midomo yake ilikuwa imepasuka. Yeye mwenyewe hakuwa amekunywa; nilimuuliza, akatikisa kichwa, akasema yalipokwisha ndipo alipokumbuka. Alilia, na machozi hayakutoka, hayakuwepo. Nilimpenda siku ile kuliko siku niliyomwoa, na siku niliyomwoa nilimpenda sana. Nilimshika mkono, nikamvuta penye kivuli chembamba cha kichuguu, tukakaa. Sikuwa na la kujisifia.

Dadi alitukuta hapo. Baada ya kuachana nasi alikuwa ameketi njia panda, akiamini tutageuka tukicheka. Tulipokawia, akajua kwamba tumekwenda kweli. Akarudi mbio bondeni, akajaza vibuyu viwili, akakata pori moja kwa moja kutufuata. Alipotuona hakutukana mtu. Aliniita Kombo, jina langu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi ya jua. Alimnywesha mke wangu kwanza, kidogo, akamzuia, akampa tena. Kisha akageuka pembeni, akawa anafuta uso. Mke wangu ndiye aliyemrudisha. Alimwambia kwamba safari ijayo akitaka kusema ukweli avae kilemba, tumtambue.

Jua lilipolegea tulijikokota mpaka penye boma la miiba la wachuuzi wa chumvi, tukalala. Asubuhi, kabla ya kuondoka, Dadi alikitazama kibuyu kikubwa kitupu. Alikuwa bado na kibuyu chake kimoja kimejaa maji ya bondeni. Alisema tumimine mle. Maji hayana alama usoni, nani atajua? Mimi nilimuunga mkono papo hapo, na ningemuunga mkono hata leo. Nilimwambia mke wangu kwamba hayo maji ya Ramadhan hayakupotea, yamo ndani yangu, na mimi pia ninakwenda Msata.

Mwanabaraka alijifunga kaniki yake vizuri. Alisema hawezi kuanza kumlea Mina kwa uongo. Akakiweka kibuyu kitupu juu ya kata, akatangulia, na shingo yake ilikuwa imenyooka kama mwanzo. Tulitembea nyuma yake, mimi na Dadi, kama watoto waliochapwa.

Tuliingia Msata watu wanatoka msikitini. Ua wa Kibwana ulikuwa umejaa. Ngoma zilikuwa zimeanikwa juani ziwambike, na wanawake wamesimama mlangoni mwa chumba cha mwali, Zuleha mbele yao na mtungi wa maji nyongani. Zuleha ni mwanamke mwenye ulimi. Tangu mjane alipohamia kwake amemlisha Mina, amemsuka, amemtibu ndui, na kwa haki yake aliona mtoto yule ni wake. Wanawake walipotuona walipiga vigelegele, kwa sababu kibuyu kilikuwa kichwani na shangazi amewahi. Mimi nilibaki penye mkeka wa wanaume, karibu na Kibwana, Dadi kando yangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Mke wangu alikwenda mpaka mlangoni. Akakitua kibuyu, akakigeuza mdomo chini mbele ya wote. Halikutoka hata tone. Vigelegele vikakatika.

Alieleza bila kupamba. Alisema kisima kilikuwa kikavu, mume wake alianguka, maji akammwagia yeye. Alisema anajua desturi, na hakuja kuivunja. Amekuja kwa sababu alisema atakuja, na sasa Zuleha amwogeshe mtoto. Alizungumza kwa sauti imara, mikono ameificha ndani ya kaniki.

Zuleha alimtazama. Akakitazama kibuyu. Akanitafuta mimi kwa macho kule mkekani, akanipima juu mpaka chini, na sidhani kama aliona kitu cha maana sana.

"Yote?" aliuliza.

"Yote."

"Hukubakisha hata ya kunywa wewe?"

"Sikukumbuka."

Zuleha alihamisha mtungi kutoka nyonga moja kwenda nyingine, kama mtu anayefikiri kwa kiuno.

"Mimi ningempa Kibwana nusu," alisema. "Nusu nyingine ningekuja nayo." Kisha akaunyanyua mtungi, akaukabidhi mikononi mwa mke wangu. "Ingia, wifi. Mtoto huyu anakwenda kukaa na mume. Afundishwe na wewe."

Kwa muda hakuna aliyejua lililo sawa, hata wale wakubwa wa ukoo walitazamana. Halafu mama yake Mina, aliyekuwa amejibanza ukutani, akapiga kigelegele kimoja kirefu, na wengine wote wakakipokea. Mke wangu akainama, akaingia, mlango ukafungwa.

Kibwana alinisogelea. Aliniuliza polepole, watu wasisikie, kama nimesikia alichosema mkewe. Nilimwambia sikusikia chochote, masikio yangu bado yana jua. Alisema nusu si haba.

Ndani tukasikia maji yakimiminwa. Tukasikia sauti ya Mwanabaraka, nyembamba, kama ya kuazima, ikiita, "Mina."

"Labeka, mama," Mina akaitika.

Nililia mbele ya wanaume wa Msata, mimi mtu wa Ujiji, na sikuficha uso. Dadi alifungua mdomo aseme neno, nililiona likija. Kisha akaufumba, akaniomba tumbaku.